Mlango wa Jaji Whitcroft

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na saba Julai, mwaka 1849, saa tatu na dakika chache asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele ya saa ya ukutani, ghorofani kwenye jengo la mahakama, ufunguo mfukoni na watu kumi na wawili nyuma ya mlango. Jirani yetu, Bi. Lovisa Crane, alikuja chini ya dirisha akaniita.

"Shemeji. Shemeji Elkanah. Toa kichwa."

Nikatoa kichwa. Alikuwa amejifunga kitambaa chenye kafuri puani, na mikono yake ilikuwa na maji mpaka kwenye viwiko.

"Tirzah ameanza."

Hakusema mke wangu ameanza nini, na mimi sikuuliza. Wiki ile mjini kwetu hakuna aliyelitaja jina la ule ugonjwa. Ulipanda na meli za moshi kutoka mto Ohio, na kufikia Jumapili ulikuwa umekwisha kula watu thelathini na mmoja. Barabarani kulimwagwa chokaa. Kwenye njia panda yalichomwa mapipa ya lami kusafisha hewa, moshi mweusi ukawa unakaa tu pale juu ya mapaa, hauendi mbele wala nyuma. Madiwani walipiga marufuku kuuza matango na pichi, kisha wakapanda magari yao wakaenda kwa ndugu zao milimani. Wakubwa walikuwa na farasi. Sisi tulikuwa na kafuri.

"Tangu saa ngapi?" nikamuuliza.

"Alfajiri. Njoo, anakuita."

"Siwezi kutoka, shemeji. Nimekula kiapo."

Aliniangalia kama mtu anayetazama mbwa aliyekataa kutoka kwenye nyumba inayowaka. "Basi mwambie huyo aliyekuapisha akuapue," akasema.

Aliyeniapisha ni Jaji Philander Whitcroft. Mimi, Elkanah Budd, nilikuwa tarishi wake wa mahakama kwa miaka kumi. Niliita mashahidi, nilichochea jiko lake, na siku asizokaa kitini nilichochea jiko la chumba alichofundishia sheria, ng'ambo ya barabara, maana alikuwa pia profesa wa chuo chetu. Watu wanasema habari zake kama za mtakatifu. Mimi nilimjua kwa viatu vyake. Alikuja kutoka Mashariki akiwa kijana, na mapipa mawili ya vitabu na jozi moja ya buti. Alizunguka wilaya tano juu ya farasi, matope mpaka magotini, akilala kitanda kimoja na mawakili wale wale aliokuwa akiwakemea mchana. Kabla hajafika miaka thelathini na sita wakamfanya jaji. Kisha chuo kikamwomba afundishe, na kila alichofundisha akakiandika, kwa kuwa alikuwa anatunga kitabu cha namna kesi inavyopaswa kuendeshwa, hatua kwa hatua, tangu mtu anapokamatwa hadi anaponyongwa.

Katika kitabu hicho, mlango ule niliokuwa naulinda ulikuwa na sura yake peke yake.

Kwetu, ushahidi ukiisha, wale kumi na wawili wa baraza waliochukuliwa mashambani na madukani wanafungiwa chumbani. Hawatoki mpaka wawe na neno moja, ana hatia au hana. Hawapewi chakula, wala moto, wala mshumaa. Na tarishi anaapa, mkono juu ya Biblia, kwamba hatamruhusu mtu aseme nao, na yeye mwenyewe hatasema nao, isipokuwa kuwauliza kama wamekubaliana. Basi. Hilo ndilo swali moja tu unaloruhusiwa. Majaji wengine walikuwa wanaangalia pembeni, tarishi anapitisha kipande cha nyama. Whitcroft hakuangalia pembeni, na nitasema kwa nini, ingawa simpendi. Zamani tarishi aliyenitangulia aliwapitishia baraza mkate wa mahindi na chupa, akapiga nao soga. Mtu waliyemhukumu aliitwa Rusk, alikuwa ameua. Mahakama ya juu ikafuta hukumu kwa sababu ya ule mkate. Rusk akarudi nyumbani, na kabla mahindi hayajavunwa akamzamisha msichana kisimani. Jaji alikwenda mazishini kwa miguu. Tarishi akafukuzwa, kazi nikapewa mimi.

Baraza langu lilikuwa limeingia tangu Jumatatu saa nane mchana. Kesi ilikuwa ya kijana Enos Tull, aliyeshtakiwa kumuua mwenye kinu cha unga alichofanyia kazi. Ikiwa ana hatia, ni kamba. Jumatatu walikuwa bado wana mzaha.

"Budd," alisema msemaji wao, Hosea Pruitt, fundi wa ngozi, mdomo kwenye tundu la ufunguo, "mkeo kakuletea kitu hapo. Sukuma tu harufu yake chini ya mlango. Harufu si chakula."

"Mmekubaliana?"

"Tumekubaliana kwamba wewe ni kisiki."

Wakacheka. Jaji aliruhusu maji kwa sababu ya joto, nikateka ndoo mbili kisima cha mahakama nikaziingiza bila kusema neno. Tirzah pia aliteka kisima hicho hicho aliponiletea chakula changu. Alikaa nami ngazini akanikata nywele za shingoni kwa mkasi wake, akanicheka kwamba shingo yangu imekuwa kama ya bata mzinga. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Sasa Jumanne, baada ya Bi. Lovisa, nikamtuma huyo huyo kwa Jaji. Akarudi amekunja uso.

"Anafundisha," akasema kutoka chini.

"Anafundisha nani? Wanafunzi wamekimbia."

"Wamebaki sita. Kasema kipindi kinaisha saa tano, atakuja mwenyewe."

Saa tano. Tulikuwa saa tatu na nusu. Kwa ugonjwa ule saa moja na nusu ni umri. Nilimwona fundi Dace Jumamosi akipigilia jeneza la mtu saa nne, na saa kumi na moja akiwa ndani ya jeneza alilokuwa amejiwekea akiba. Nilikaa ngazini nikiwa nimeushika ufunguo mpaka meno yake yakaacha alama kiganjani. Tumbo langu lilinguruma, nikashtuka nikadhani umenifika na mimi. Kila tumbo liliponguruma wiki ile mtu aliiaga dunia moyoni kwanza, halafu akatafuta kama ni njaa.

Jaji alikuja saa tano kamili, hakupunguza wala hakuongeza. Alikuwa mtu mrefu, kofia mkononi, karatasi za somo kwapani.

"Budd, nimesikia habari za mkeo. Nasikitika sana."

"Mheshimiwa, niapishie mtu mwingine niende. Dakika moja tu."

"Nani?"

Nikahesabu waliobaki. Mkuu wa polisi wa wilaya alikuwa anazika. Tarishi mwenzangu tulimzika Jumapili.

"Hata kama yupo," akasema, "siwezi kumwapisha hapa ngazini. Lazima iwe kikao cha wazi, mshtakiwa awepo, na mawakili wa pande zote mbili. Mwendesha mashtaka kaondoka na gari la barua saa moja asubuhi."

"Kaondoka? Kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa ruhusa ya woga wake, Budd."

Ndipo tukasikia, sote wawili. Nyuma ya mlango mtu alikuwa anatapika, na si kutapika kwa kawaida, bali kama maji yanayomwagwa kutoka kwenye ndoo. Kisha sauti ya Pruitt, haina mzaha tena hata chembe.

"Budd. Jabez Orme ameshikwa. Fungua."

Nikamtazama Jaji. Midomo yake ilikuwa myeupe. Yeye naye hakuruhusiwa kusema nao nje ya kikao. Alirudi nyuma ngazi moja, halafu mbili. Nikaelekeza uso mlangoni nikasema lile nililoruhusiwa.

"Mmekubaliana?"

"Mungu akulaani. Mtu anakufa humu."

"Mheshimiwa," nikanong'ona, "daktari basi."

"Daktari akiingia atasema nao." Aliongea polepole, kama anayesoma kitabu chake na hakipendi. "Naweza kulivunja baraza kwa dharura iliyo dhahiri. Lakini lazima niithibitishe kikaoni. Nikilivunja hapa, Tull hawezi kushtakiwa tena kamwe, awe ameua au hajaua. Nilishamwachia mmoja."

"Na mke wangu?"

Alivaa kofia. "Gari la barua linabadilisha farasi Cutler's Mill. Nikimpanda farasi wangu sasa hivi nitamkuta mwendesha mashtaka pale. Nitamrudisha hata kwa kumshika kola, tutafungua kikao, nitakuachia. Saa nane, saa tisa hivi."

"Tuma mwanafunzi."

"Mwanafunzi hatamrudisha. Mimi atanitii."

Sitamnyima haki yake: alikimbia kwenye zile ngazi. Nilimwona dirishani akipanda farasi bila kungoja kufungiwa mikoba, chokaa ikaruka nyuma yake. Na hapo ndipo alipokosea, mwenye elimu yote ile, maana hakuna kati yetu aliyefikiria jambo moja. Tuliogopa kwamba watachelewa kukubaliana. Hatukuogopa kwamba watawahi.

Saa sita Bi. Lovisa akarudi. Hakuwa na kitambaa tena puani, amekwisha kata tamaa nacho.

"Vidole vyake vimesinyaa kama vya mtu aliyefua siku nzima," akasema. "Daktari kampa unga wa kalomeli na matone ya afyuni, vyote vimetoka. Macho yameingia ndani. Lakini anazungumza. Anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula."

"Kamwambie mwenyewe, ebo. Ni hatua mia tatu. Nenda, mshike mkono, rudi. Nani atajua?"

Nani atajua. Siku hizi wananiambia hivyo hivyo, vijana. Ngoja niseme na hili pia, kwa kuwa nimeshaanza. Kiapo kilinishika, ndiyo. Niliogopa faini, niliogopa jela, niliogopa kuwa wa pili kufukuzwa. Lakini nilipoyasikia yale maneno, kwamba macho yameingia ndani, miguu yangu haikuelekea mlango wa barabarani. Ilirudi yenyewe ikanikalisha. Nilikuwa nimewaona wale waliowashika mikono wagonjwa wao. Kwa hiyo nikasema, "Nimeapa, shemeji," na sauti yangu ikatoka imara kuliko nilivyokuwa.

"Haya," akasema. "Endelea kuapa."

Saa saba na robo Pruitt akagonga. Aligonga kwa adabu, mara tatu, kama mtu aliyekuja kutembelea.

"Budd, niulize."

"Mmekubaliana?"

"Tumekubaliana. Wote kumi na wawili. Sasa fungua."

Nilisimama. Nilitia ufunguo kwenye tundu. Ndipo nikakumbuka ni nani anayeupokea uamuzi, na yuko wapi. Nikikifungua chumba bila jaji kitini, watatawanyika kama kuku, na uamuzi uliotoka nje ya mlango kabla haujatamkwa mahakamani si uamuzi. Sura ya tisa ya kitabu cha Jaji. Nilimsikia akiisoma kila majira ya baridi huku natia kuni.

Nilishuka nikapiga kengele ya mahakama. Niliipiga mpaka kamba ikanichubua. Katika mji ule kengele ilikuwa imelia sana wiki nzima, hakuna aliyefungua hata dirisha. Nguruwe tu walitazama. Wakili wa Tull alikuja mlangoni pa mahakama akiwa amelewa, akakaa kwenye ngazi ya chini, akasema, "Wanazika nani sasa?"

Nikapanda tena.

"Budd," Pruitt akasema, "mbona hufungui? Tumekubaliana."

Na mimi nilikuwa na swali moja tu, na lilikuwa limekwisha kujibiwa. Sikuwa na neno lingine la halali kinywani. Nisingeweza kuwaambia Jaji hayupo. Nisingeweza kuwaambia ngojeni. Nilisimama na paji la uso kwenye mbao, nao upande wa pili wakaanza kuupiga mlango kwa mabega, wakiniita kwa jina, watu ninaowajua, watu nilionunua kwao ngozi na misumari. Mmoja alilia kwa sauti ya mtoto. Mwingine alisema tu, tena na tena, "Yuko pale, nasikia anapumua. Yuko pale, nasikia anapumua."

Saa tisa Bi. Lovisa alitokea kwenye kona ya barabara. Safari hii hakuja chini ya dirisha. Alisimama ng'ambo, penye chokaa, akanitazama. Akafungua aproni yake, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kwapa, akaondoka.

Nilielewa. Nikakaa.

Unaweza kuniuliza mbona sikwenda basi. Sasa niende kufanya nini? Nilikuwa nimekwisha lipia ule mlango. Niliukalia saa mbili zaidi, na nadhani katika saa hizo mbili hata kama malaika angekuja na ufunguo wake nisingempisha.

Jaji alirudi saa kumi na moja, farasi anatoka povu, na mwendesha mashtaka nyuma yake juu ya nyumbu, amefura kwa hasira. Kamwe sijaona kikao kilichofunguliwa haraka namna ile. Tull akaletwa na minyororo. Nikafungua mlango.

Kumi na mmoja walitoka kwa miguu, wakanipita bila kunitazama. Orme alikuwa sakafuni, rangi ya buluu kama jivu la makaa ya mawe, lakini hai. Hakuna aliyetaka kumgusa. Niliwaomba, kila mmoja aliweka mikono mfukoni. Mwishowe niliburuta benchi, nikamlaza juu yake, mimi na yule wakili mlevi tukamshusha ukumbini. Kwa kuwa kichwa kilikuwa kinaning'inia nyuma, nikasimama kichwani pake nikamtegemeza, kiganja changu chini ya kisogo.

Jaji aliuliza. Pruitt akasema, ana hatia. Wakili wa Tull, pamoja na pombe yake, alikumbuka kuomba waulizwe mmoja mmoja. Ndivyo inavyoruhusiwa kwetu. Jaji akawaita kwa majina. Kila mmoja akasema, ndiyo, ndio uamuzi wangu. Akafika wa mwisho.

"Jabez Orme. Huu ndio uamuzi wako?"

Orme hakusema kitu.

"Jabez Orme," Jaji akasema tena, na safari hii aliinama mbele. "Kama huwezi kusema, toa ishara. Huu ndio uamuzi wako?"

Kichwa kikatikisika kwenda chini, mara moja.

"Andika," Jaji akamwambia karani. Kisha akanigeukia mimi, kama kitabu kinavyotaka. "Tarishi, kwa kiapo chako. Ulisema nao neno lolote, au ulimruhusu mtu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Niliwauliza tu kama wamekubaliana."

"Umeachiliwa. Nenda nyumbani, Budd."

Nilikwenda nyumbani. Amri ya madiwani, waliyoiandika kabla ya kukimbia, ilisema maiti asizidi saa moja ndani ya nyumba. Gari la maiti lilikuwa limekwisha mchukua. Godoro lake lilikuwa linaungua uani, na Bi. Lovisa amesimama na reki, anausogeza moto usifike kwenye uzio.

Orme alikufa kabla jua halijazama. Pruitt alikuja kuniambia baada ya wiki mbili, alipoanza tena kunisemesha, kwamba tangu Jumatatu kumi na mmoja walisema ana hatia, na aliyekataa alikuwa ni Orme peke yake. Alipozidiwa walimwuliza tena. Akasema, fanyeni mnavyotaka, nipeni maji. Wakahesabu hiyo kuwa ndiyo.

Tull alinyongwa Septemba. Mahakama ya juu ilisoma kila karatasi haikupata kosa hata moja. Wakasifu. Kitabu cha Whitcroft kilichapishwa mwaka uliofuata, na kesi ya Tull imo, kurasa kumi na nne. Mimi nimo pia. Naitwa "mtumishi aliyeapishwa." Tirzah hayumo. Whitcroft wakampandisha akawa jaji wa mahakama ya juu, akapata picha ya mafuta ukutani, na wanafunzi kutoka mbali kama Boston. Mimi nilibaki na jiko lake, kwa sababu mtu lazima ale. Kila Februari nilimsikia akiisoma ile kesi huku nimempa mgongo. Wanafunzi walibishana: je, ishara ya mtu anayekufa ni ridhaa? Walibishana vizuri, wamekunywa kahawa, miguu yao ina joto la kuni zangu. Nilimchukia kwa kila gogo nililotia. Bado namchukia. Walioweka zile sheria waliziweka wakiwa wameshiba, na walipokuja kufa, walikufa vitandani na watu wao wamewashika mikono.

Kipindi chake cha mwisho kabla hajastaafu, wanafunzi walipotoka, alibaki amekaa. Amezeeka, kofia juu ya magoti. Nilikuwa nafagia majivu.

"Budd," akasema. "Miaka ishirini nimewauliza watoto hawa swali lile, na siku zote nimeliuliza vibaya. Nilikuwa mbele yenu, lakini meza ilinikinga. Sikuona mkono wako."

Sikugeuka. Niliogopa, sijui niliogopa nini, mtu mwenyewe angeweza kuangushwa na upepo. Nilisema kuni zimekwisha, nikatoka nje, nikasimama kwenye theluji mpaka nilipoona taa yake inaondoka.

Alikufa majira ya baridi yaliyopita. Sikwenda mazishini, na watu wanauliza mbona, baada ya miaka yote ile. Nilichotaka siku ile ukumbini kilikuwa kitu kimoja tu, kwamba iishe, niende nyumbani, ingawa nilijua nyumbani hakuna mtu. Kiganja changu kilikuwa chini ya kisogo cha Orme, kimelowa jasho lake. Nakumbuka uzito wa kile kichwa. Nakumbuka kilivyoshuka. Kila nikilala nakihisi, na sipati kujua: ni yeye aliyekitikisa, au ni mimi?